Nailoni Juu ya Miksa

Jumamosi, 5 Oktoba

Mama Honorata, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Katubuka, amenipa kaunta buku hili niandike kila tatizo la mitambo. Nimemwambia litabaki jeupe. Mimi Gasper nimekaa nyuma ya miksa ya kanisa hili miaka saba, na kabla ya hapo niliwahi kutengeneza honi ya meli kwa kijiko cha chai, meli ikiwa katikati ya ziwa na nahodha amepiga magoti. Shule niliishia darasa la sita, lakini sikio langu halikuishia popote. Nikikaa ufukweni kimya nasikia dagaa wakigeuka.

Miksa hii ilinunuliwa kwa mawese ya kina mama, madumu kwa madumu, misimu miwili. Ina njia kumi na sita za maiki. Mawingu yameshaanza kusimama upande wa Kongo, kwa hiyo leo nimeifunga yote kwa nailoni ngumu na selotepu, pembe zote nne, nikaacha matundu madogo ya waya kwa nyuma. Vitufe vyote navibonyeza juu ya nailoni. Hata rimoti ya televisheni nyumbani kwangu ina nailoni yake tangu tulipoinunua, na ni miaka kumi na tisa sasa. Mama Honorata akatandika juu kitambaa chake cha kufuma chenye waridi jekundu. Inapendeza kama bibi harusi.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Sauti safi. Sina la kuandika.

Jumapili, 13 Oktoba

Maiki ya mhubiri imepiga mluzi hadi mtoto akalia. Mhubiri anapenda kutembea akihubiri, na akitembea anasimama mbele ya spika, maiki inasikia sauti yake yenyewe ikitoka na kuingia tena. Nimeshusha geini, ile nguvu ya maiki, nikamsogeza kwa ishara ya mkono. Alidhani namwitikia, akazidi kusogea. Tumemaliza salama.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua siku tano. Miksa imeanza kukwaruza. Ukisogeza vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, spika zinatoa mlio kama samaki migebuka wakitupwa kwenye mafuta ya moto. Nimeipiga kofi ubavuni. Ikatulia. Nimewaambia kina mama mashine ina adabu kwa anayeijua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kofi limeacha kufanya kazi. Nimekwenda kwa mshona nguo mmoja anaitwa Mélanie, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi akaolewa hapa Buzebazeba. Aliingia kwaya mwezi wa nane, anaimba sauti ya pili. Nimemwomba mafuta ya cherehani.

"Ya nini, Mzee?"

"Mlango wa nyumbani unalia."

Akanipa kwenye kichupa. Nimefunua pembe moja ya nailoni, nikadondoshea mafuta kwenye kila kitelezi, nikafunga tena. Sasa vinateleza kama kambale mkononi.

Jumapili, 27 Oktoba

Safi kabisa. Nimepongezwa.

Jumapili, 3 Novemba

Paa linavuja karibu na soketi, nimehamishia waya wa kinanda kwenye ukuta wa pili. Mvua nzito. Leo spika zimeanza kuvuma, vuuuu, tangu tumewasha hadi tumezima, kama nyuki wamehamia ndani. Na mkwaruzo umerudi na ndugu zake. Sijui nimekosea wapi. Yaani, sijui mashine imekosea wapi.

Jumatano, 6 Novemba

Mazoezi. Hakuna sauti hata kidogo. Nimefungua waya zote, nimelaza spika chali, nimebadilisha fyuzi mbili, jasho hadi kwenye soksi. Diana, mtoto wa dada yangu, ndiye mwalimu wa kwaya, na amesoma. Akaja, akainua waridi la Mama Honorata, akatazama.

"Mjomba, hiki kitufe cha kuzima sauti yote mbona kimebonyea?"

Kilikuwa kimelaliwa na kitambaa, tena chini ya nailoni, huwezi kukiona. Nimemwambia nilikuwa najaribu kama atakiona. Akasema, "Nimekiona, mjomba," akarudi kwenye kinanda. Wanawake wa sauti ya kwanza walicheka mpaka wakakosa pumzi ya kuimba.

Jumapili, 10 Novemba

Leo naandika kirefu, maana leo ni siku mbaya.

Tumealikwa tamasha la kwaya Ilagala, tarehe 21 Disemba, kwaya zote za ufukweni. Asubuhi kamati ilitaka tujaribu nyimbo tatu. Wimbo wa kwanza, vuuuu. Wa pili, mkwaruzo. Wa tatu, spika ya kushoto ikanyamaza, ikarudi, ikanyamaza. Baada ya ibada Mama Honorata akatukalisha wote.

"Ndugu zangu, kuna Jeremia wa Mwanga, ana muziki mkubwa wa kukodisha. Nasema hivi. Siku ya Ilagala mashine yetu ikitoa kelele tena, tunaiuza, tunamkodi Jeremia kila sikukuu. Na Mzee Gasper atarudi kuimba besi."

Watu wakaguna. Besi yangu inajulikana. Niliwahi kuimba besi kwenye msiba wa Ujiji, mbuzi wa shughuli akakata kamba, wakamkuta Kibirizi.

Mimi kuondoka nyuma ya miksa! Miaka saba mtu akipita sokoni anasema, "Yule ndiye Gasper wa sauti." Nikisimama mstari wa besi nitakuwa Gasper wa nini? Moyo ukapanda, mdomo ukatangulia. Nikasimama nikasema:

"Mashine hii haikuwa na shida hata moja mpaka alipoingia mgeni. Mimi simtaji mtu. Lakini angalieni wenyewe nani ameingia, na shida zimeingia lini."

Kila mtu alimtazama Mélanie. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilitamani ipige zaidi.

Yeye akainuka taratibu, akakunja kitenge chake vizuri. Hakupandisha sauti.

"Mzee Gasper, shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

"Mimi nimeingia mwezi wa nane. Mwezi wa nane sauti ilikuwa nzuri, na wa tisa ilikuwa nzuri. Kelele imeingia mwezi wa kumi. Basi wewe unayekaa pale utuambie, mwezi wa kumi kiliingia nini?"

Akakaa.

Nikasema mwezi wa kumi iliingia mvua, na mvua ni ya Mungu. Watu wakatawanyika. Diana hakuniaga. Nyumbani Scola, mke wangu, alikuwa ameshasikia, sijui ilimfikiaje mapema hivyo. Akaniwekea ugali na dagaa, akasema neno moja tu: "Mgeni?" Baba yake Scola alivuka ziwa kutoka ng'ambo ile. Sikumaliza ugali.

Jumatatu, 11 Novemba

Mwezi wa kumi kiliingia nini?

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Nimekasirika siku nzima. Huwezi kumuuliza mtu mzima swali kama hilo mbele ya watu.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna mazoezi, barabara imejaa maji. Kiliingia nini?

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejua.

Nimekwenda kanisani saa nne asubuhi, peke yangu, watu wote wako kwenye shughuli zao. Nikafungua kaunta buku hili ukurasa wa kwanza. Tarehe tano, nailoni. Kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, nimeandika na kujisifu juu yake.

Nikatoa waridi. Nikachomoa umeme. Nikakata selotepu, nikavua nailoni yote. Ndani ilikuwa na matone, ndugu msomaji, matone kama jasho la mtu mwenye homa. Yaani tukiipasha moto kwa ibada ya saa tatu, unyevu unapanda, unakosa pa kutokea, unarudi kulala humo humo ndani. Vichwa vya matundu ya waya vilikuwa vimeanza kutu. Mende wawili walikuwa wanaishi kwenye njia ya kumi na moja, wana watoto. Na mafuta yangu ya cherehani yalikuwa yamekamata vumbi na nyuzi za waridi, yamekuwa tope jeusi kwenye kila kitelezi.

Niliketi kwenye kiti changu muda mrefu. Niliwahi kukaa chini ya maji ya Tanganyika robo saa bila kupumua, watu wa Kibirizi ni mashahidi, lakini pumzi ya leo ilikuwa fupi kuliko ile.

Kosa kubwa namna hii halifanywi na mtu mdogo. Hilo niseme. Lakini ni langu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda kibandani kwa Mélanie. Nilipita mara ya kwanza nikajifanya naelekea sokoni. Nikapita mara ya pili nikajifanya natoka sokoni. Mara ya tatu akasimamisha cherehani.

"Karibu ukae, Mzee. Mlango wako umepona?"

"Mlango gani?"

"Ule uliokuwa unalia."

Nikaketi kwenye kigoda. Nikamwambia. Mlango si mlango, nailoni, mende, tope, yote. Nikamwambia na lile neno la Jumapili nalirudisha. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulilisema mbele ya watu mia."

"Themanini," nikasema.

"Basi utalirudisha mbele ya themanini."

"Nitalirudisha. Lakini kwanza mashine ipone, nisionekane naomba msamaha kwa sababu ya shida."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Yewe! Hata kuomba msamaha unataka ushangiliwe." Halafu akanieleza jambo ambalo kwa miezi mitatu sikulijua kwa kuwa sikuuliza. Kule kambini alikuwa anakaa kwenye miksa ya kanisa miaka tisa. Kanisa la maturubai, vumbi kiangazi, tope masika, umeme wa jenereta.

"Mbona ulipoingia kwaya hukusema?"

"Kiti kilikuwa na mtu," akasema.

Jumamosi, 16 Novemba

Kazi. Tumeiweka miksa kwenye meza ya kukatia nguo kibandani kwake, mimi nimeshika bisibisi, yeye ameshika brashi ile ya kusafishia cherehani. Vumbi kavu kwanza. Halafu spiriti kwenye pamba kuondoa mafuta yangu, kitelezi kimoja kimoja, kumi na sita na viwili vikubwa. Halafu ile dawa ya kupuliza ya mafundi redio, kidogo tu, unasogeza juu chini mara ishirini. Nilitaka kumalizia na tone la mafuta. Alinipiga mkono kwa brashi.

Kukausha, mimi nilisema juani. Yeye akasema jua linakunja plastiki, kivulini, siku tatu, kifuniko wazi. Nilibishana. Nimeshindwa. Nimeanza kuzoea.

Mende nimewahamisha mwenyewe.

Jumanne, 19 Novemba

Imekauka. Mkwaruzo umekwisha! Nimesogeza vitelezi vyote kwa pamoja kwa viganja viwili, kimya. Spika ya kushoto ilikuwa waya tu, umekatika ndani karibu na jeki, kile kichwa cha kuchomeka, ukiukunja inarudi. Nimeukata nikauchomea upya. Kuchomea risasi hakuna anayenifikia kutoka hapa hadi Kasulu, hata Mélanie amekubali. Alisema, "Si mbaya." Kwa Mrundi huyu hiyo ni sherehe.

Jumapili, 24 Novemba

Mvumo bado upo. Vuuuu. Mama Honorata ananitazama kama mtu anayesoma kalenda.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo Mélanie amenifundisha njia yake. Mimi tatizo likitokea huwa nagusa kila kitu kwa mpigo. Yeye anachomoa kila waya mpaka mashine ibaki uchi, halafu anaanza mdomoni kwa mwimbaji na kumalizia kwenye spika, anarudisha waya mmoja, anasikiliza, wa pili, anasikiliza.

"Ni kama mshono uliokwenda upande," akasema. "Huvuti nguo nzima. Unatafuta ulipoanzia."

Maiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ya tatu, hadi ya nane, kimya. Nikachomeka kinanda cha Diana. Vuuuu!

"Kinanda kinakula umeme wapi?" akauliza.

"Ukuta wa pili. Nilikihamisha kwa ajili ya..." Mimi tena. Kinanda ukuta huu, miksa ukuta ule, umeme unazungukia kwenye waya wa sauti, ndio mvumo. Tukavuta ekstensheni moja, vyote viwili vikala sahani moja. Kimya. Kimya ambacho ungesikia mtu akifikiri.

Diana akapiga kinanda, akaniangalia, akasema, "Mjomba!" Hakusema lingine, lakini nimelisikia vizuri.

Jumapili, 8 Disemba

Safi. Mélanie ameshona kifuniko cha pamba kinachopitisha hewa, na vifuko vidogo vya mkaa mkavu vya kunywa unyevu, vinakaa kwenye sanduku la miksa. Mama Honorata alipoona kitambaa chake hakipo alinuna. Mélanie akageuza kifuniko. Waridi jekundu ameliunga juu yake, katikati kabisa. Mama Honorata akalinyoosha kwa kiganja, kununa kukaisha.

Ijumaa, 20 Disemba

Kesho. Nimekula kidogo.

Jumamosi, 21 Disemba, Ilagala

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku la spika, watu wanapita wananipa mkono, siwezi kumaliza sentensi.

Tulifika saa mbili. Wenyeji walikuwa wameshamkodi Jeremia wa Mwanga kwa kwaya zote, muziki wake umejaa jukwaa zima, taa za rangi mchana kweupe. Akaiona miksa yetu na waridi lake.

"Mzee Gasper, hiyo umeleta mashine au mto wa kulalia?"

"Ni mto," nikasema. "Ukichoka utaniambia."

Saa nne mvua ikapiga, ikaacha. Kwaya ya pili ikapanda. Na hapo nikausikia, mlio ule, migebuka kwenye mafuta ya moto. Nikamtazama Mélanie, naye akanitazama. Jeremia akaipiga miksa yake kofi ubavuni. Tulivyofanana! Nikasogea, na Mungu ni shahidi, ilikuwa imevaa nailoni ya dukani, ile ile iliyotoka nayo kwenye boksi. Wimbo ukafika katikati, mashine ikazima kabisa.

Jeremia akasema nusu saa. Nusu saa ikapita. Akasema nusu nyingine. Mzee wa tamasha akatangaza kwaya ziimbe bila vyombo. Uwanja una watu elfu nne. Diana anasema mia sita, lakini Diana anahesabu waliosimama tu.

Mama Honorata akanigeukia. "Gasper, unaweza?"

Miaka saba hajawahi kuniita bila Mzee. Nikambeba mtoto wangu wa njia kumi na sita, nikapanda. Tukachomeka kwenye spika za Jeremia. Nikawasha.

VUUUU. Watu wakaziba masikio, wengine wakacheka. Jeremia akasema kwa sauti, "Mto umekoroma!" Na Mama Honorata nikamwona amefumba macho, na mimi najua anachokiona: besi.

Mélanie alikuwa ameshapanga mstari na wenzake, wimbo wetu unaanza na sauti yake peke yake, hawezi kutoka. Akaninyooshea kidole kimoja. Kimoja. Nikaelewa.

Sikupiga kofi. Sikugusa kila kitu. Nilichomoa waya zote mbele ya umati, mashine ikabaki uchi, na mvumo ukakatika. Nikarudisha maiki ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Uwanja mzima ukaanza kunyamaza nao, wanataka kuona. Ya tatu, ya nne, hadi ya nane. Kinanda. Vuuuu! Nikafuata waya wake wa umeme kwa miguu, mbio, nikakuta vijana wa jukwaa wamekichomeka kwenye sola ya kanisa, na sisi tuko kwenye jenereta. Nikauchomoa, nikauleta kwenye ekstensheni yetu, nikarudi kitini.

Kimya. Nilisikia maji ya mto Malagarasi yakiingia ziwani.

Nikapandisha kitelezi cha Mélanie taratibu, na sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa za Jeremia kama mtu aliyesimama pembeni yako. Hakuna kwaruzo, hakuna mluzi. Mstari wa pili watu walikuwa wamesimama. Mstari wa tatu bibi mmoja akavua kitenge akakitandaza mbele ya jukwaa, waimbaji wapite juu yake wakishuka. Kwaya zote zilizobaki ziliimba kwa mashine yetu hadi saa kumi jioni, na mimi sikuinuka kwenda hata haja.

Jeremia akaja mwisho, mnyonge. Nikamwambia avue nailoni. Akasema, "Si itachakaa, Mzee?" Nikamwambia aje Buzebazeba, kuna meza ya kukatia nguo, kuna brashi, na kuna mwalimu mwenye miwani. Asilete mafuta.

Jumapili, 22 Disemba

Mama Honorata alisimama kunipongeza. Nikamwomba nafasi niseme.

Nikasema mbele ya wote, na leo walikuwa zaidi ya themanini: mwezi wa kumi iliingia nailoni, na aliyeiingiza ni mimi. Mafuta ni mimi. Ukuta wa pili ni mimi. Mgeni hakuingiza shida, mgeni aliitoa, na si mgeni, ni fundi mwenzangu. Nikamwomba radhi kwa jina lake, Mélanie, si kwa mafumbo kama nilivyomsema.

Akainuka. "Mzee Gasper, nimekusamehe. Urakoze, asante." Halafu akaongeza, "Na kwa miaka ya kambini sijawahi kuona mtu anayekosea mara tatu na kujisifu mara nne." Kanisa likaanguka kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, maana nilisikia shangwe, na shangwe ni shangwe.

Kamati imeamua miksa haiuzwi. Nimeomba kitu kimoja tu, kiti cha pili nyuma yake. Nimekipeleka mwenyewe kutoka nyumbani, kile kizuri chenye mgongo. Asipoimba, atakaa hapo.

Jumatatu, 23 Disemba

Mvua asubuhi yote. Nimeshika rimoti, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata nailoni. Scola akapiga kelele kama namchinja ng'ombe. Chini yake namba zilikuwa nyeupe, zinang'aa, hazijaguswa na kidole cha mtu.

Nikampa. Akabonyeza, televisheni ikawaka mara moja.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "nilidhani natakiwa kubonyeza kwa nguvu."